Dawa ya tumbo haiishii tumboni

Mhariri,

Tunaomba nafasi ukurasani mwako tuzungumzie maneno mawili yanayotumiwa sana kuuzia dawa za mitishamba hapa Nairobi: "hulegeza misuli" na "imethibitishwa maabarani". Hatuandiki kwa kuidharau mitishamba. Atropini, ambayo chumba cha upasuaji hakiwezi kuikosa, imo kwenye majani na mbegu za datura, mmea unaojiotea wenyewe kando ya mashamba na kwenye majaa. Tunaandika kwa sababu maneno hayo mara nyingi yana ukweli, ila ni ukweli uliokatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari.

Misuli ya mkono hungoja amri ya mwenyewe. Misuli laini haingoji. Imezunguka kuta za mirija na mifuko ya mwili: umio, utumbo, njia ya nyongo, kibofu, mirija ya pumzi, mishipa ya damu, mji wa mimba, hata ule mduara unaopanua na kufinya mboni ya jicho. Popote ilipo, namna yake ya kukaza ni moja. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli na kushikana na protini iitwayo kalmodulini. Mbili hizo huamsha kimeng'enya kinachoiwezesha miosini kuishika aktini na kuivuta; hizo ni nyuzi mbili za protini ndani ya seli ya msuli. Kalsiamu ikisukumwa nje, msuli hulegea. Kwa hiyo dawa inayozuia kalsiamu kuingia haina macho ya kuchagua kati ya utumbo na mshipa wa damu. Nifedipini na amlodipini, zinazojulikana na wagonjwa wengi wa presha, ni za aina hiyo. Hulegeza mishipa, presha ikashuka, na baadhi ya watu huvimba vifundo vya miguu kwa kuwa mishipa inayoleta damu imefunguka kuliko ile inayoirudisha. Verapamili, ya ukoo huo huo, hufunga choo, maana utumbo nao umelegea. Na nifedipini hiyo hiyo hutumiwa na madaktari kutuliza mji wa mimba uchungu unapoanza kabla ya wakati.

Kinachotofautisha mrija mmoja na mwingine ni vipokezi, yaani vitasa vilivyo kwenye seli. Asetilkolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka amri, ikiingia kwenye kitasa chake hukaza utumbo, kibofu na mirija ya pumzi. Adrenalini hulegeza mirija ya pumzi na utumbo, lakini hubana mishipa ya damu ya ngozi na shingo ya kibofu. Dawa ni ufunguo: ikishamezwa huzunguka na damu, ikijaribu kila mlango wenye kitasa chake.

Tuanze na hayosini, ile Buscopan ya miligramu 10 ambayo watu huinunua kwa msokoto wa tumbo. Huzuia asetilkolini, na tumbo hutulia. Lakini mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kushindwa kabisa kukojoa, na mwenye glakoma ya pembe finyu, ambapo njia ya maji ya jicho kutoka ni nyembamba, anaweza kupandwa ghafla na presha ya jicho. Datura hufanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi. Moshi wa majani yake ulivutwa zamani kutibu pumu, na ni kweli hufungua kifua. Ila kifua hakifunguki peke yake: kinywa hukauka, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, mkojo huziba, na dozi ikizidi kidogo mtu huweweseka. Kiasi cha atropini katika mbegu si sawa na kilicho katika jani, wala mmea mmoja si sawa na jirani yake. Anayepima datura kwa vidole hapimi chochote.

Nanaa ni mpole zaidi, na tunaupenda. Mentholi iliyo katika mafuta yake hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye misuli ya utumbo, hivyo gesi na mikakamao hupungua. Lakini pale umio unapokutana na tumbo pana pete ya misuli laini inayozuia asidi kupanda, na pete hiyo nayo hulegea. Ndiyo sababu vidonge bora vya mafuta ya nanaa hupakwa ganda lisiloyeyuka tumboni, ili yafunguke mbele, ndani ya utumbo mwembamba. Mwenye kiungulia anayekunywa chai nzito ya nanaa baada ya chakula cha usiku na kwenda kulala anaifungulia asidi mlango.

Miraa na muguka huvuta upande mwingine. Kathinoni iliyomo humwaga noradrenalini, ndugu ya adrenalini, kwenye ncha za neva. Mishipa hubana, presha hupanda, na shingo ya kibofu hukaza hata mkojo ukatoka kwa uzi mwembamba. Wapo wanaume wanaomeza tamsulosini, dawa ya tezi dume, ya miligramu 0.4 kila siku ili kulegeza shingo hiyo hiyo, kisha jioni wanatafuna mpaka usiku wa manane. Dawa inavuta huku, miraa inavuta kule, na mgonjwa anarudi kliniki akisema dawa haifanyi kazi. Mtumiaji wa tamsulosini anapaswa pia kumwambia daktari wa macho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, hata kama aliacha kuimeza zamani, kwa kuwa msuli wa mboni nao hulegea na kumsumbua mpasuaji.

Njia moja ya kuifanya dawa isitangetange ni kuipeleka mahali pake moja kwa moja. Salbutamoli, dawa ya pumu, ya kuvuta ina mikrogramu 100 kwa mbonyezo mmoja. Kidonge kimoja cha miligramu 4 ni sawa na mibonyezo 40. Kidonge hupita tumboni na kwenye damu yote kabla ya kufika kifuani, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hudunda. Lakini inhela nayo ikitumiwa vibaya huacha dawa nyingi kwenye ulimi na koo, ikamezwa. Itikise, toa pumzi yote, funga midomo kuizunguka, anza kuvuta pumzi taratibu ndipo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta hadi mwisho, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10. Subiri nusu dakika kabla ya mbonyezo wa pili. Kwa mtoto, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa inhela husaidia sana. Na mwenye pumu asiazime propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, ya jirani kwa ajili ya moyo kudunda, kwa maana hiyo hukifunga kitasa kile kile ambacho salbutamoli hukifungua.

Sasa neno la pili, "imethibitishwa maabarani". Wasomaji wana haki ya kujua maabarani hufanyika nini hasa.

Kipande cha utumbo mwembamba wa sungura, urefu wa sentimita 2 hivi, hutundikwa ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya chumvi yaliyopashwa hadi nyuzi 37, huku hewa ikipuliziwa ndani. Ncha moja hufungwa chini, nyingine kwenye kipimo cha mvutano. Maji hayo, yaitwayo Tyrode, katika lita moja yana gramu 8 za chumvi ya kawaida, gramu 0.2 za kloridi ya potasiamu, gramu 0.2 za kloridi ya kalsiamu, gramu 0.1 za kloridi ya magnesiamu, gramu 1 ya bikaboneti ya sodiamu, gramu 0.05 za fosfeti ya sodiamu na gramu 1 ya glukosi. Kalsiamu huyeyushwa kando na kutiwa mwisho, maji mengine yakiwa tayari yamejaa. Ikitiwa mapema hugandamana na bikaboneti na fosfeti, maji huwa na ukungu mweupe, na utumbo hautakaza sawasawa hata uupe nini. Maji ya ukungu humwagwa, hayarekebishwi. Kipande huwekewa mvutano wa gramu 1 na kuachwa kitulie nusu saa, maji yakibadilishwa kila dakika 10 au 15. Utumbo wa sungura utaanza kucheza wenyewe kwa mwendo wake. Hapo ndipo maji ya mmea hutiwa.

Kipimo huchora mvutano wa utumbo. Mchoro ukishuka, watu hushangilia: dawa imelegeza! Pole pole. Utumbo uliokufa nao hulegea. Ni lazima dawa ioshwe, na kama mchezo wa utumbo haurudi baada ya kuoshwa mara kadhaa, na asetilkolini haiuamshi, huenda kilichoonekana ni sumu na si tiba. Ukirudi, tunaenda hatua nyingine. Tunaongeza potasiamu hadi milimola 80 kwa lita (milimola ni kipimo cha wingi wa chembe) ili utumbo ukaze na kubaki umekaza, ndipo tunatia dawa. Ikilegeza mkazo huo, inaelekea inazuia kalsiamu kuingia. Ikishindwa, lakini ikazuia mkazo wa asetilkolini, inaelekea inafanya kazi kama atropini. Tofauti hiyo ndiyo inayotuambia mgonjwa yupi aonywe: wa kwanza ni mwenye presha ya chini, wa pili ni mzee wa tezi dume.

Mchoro ukipanda, mtego ni mwingine. Majani ya mimea yana potasiamu nyingi. Tuseme unga uliokaushwa kutoka maji ya mmea una asilimia 5 ya potasiamu, nawe umetia miligramu 5 za unga kwa kila mililita ya maji. Umeongeza takriban milimola 6.4 za potasiamu kwa lita, kwenye maji yaliyokuwa na 2.7 tu. Potasiamu hiyo peke yake yaweza kuuchokoza utumbo bila mmea kuwa na dawa yoyote. Jaribio lisilo na kipimo cha pembeni, ambapo potasiamu ya kiasi hicho hicho imetiwa bila mmea, halijathibitisha kitu. Vivyo hivyo pombe iliyotumika kuyeyushia: nayo hulegeza misuli, kwa hiyo itiwe peke yake kwanza.

Kisha kuna hesabu ya mwili mzima, ambayo vibandiko havigusi. Mtu wa kilo 60 ana kama lita 36 za maji mwilini. Dawa iliyofanya kazi kwenye chombo kwa miligramu 5 kwa mililita ingehitaji gramu 180 za unga zifyonzwe zote na kusambaa sawasawa ili zifikie kiwango hicho kwenye mapafu au mishipa. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za unga, hayo ni majani kilo 1.8 kwa dozi moja. Hakuna anayekunywa hivyo. Lakini tumboni hesabu ni tofauti: gramu 2.5 za unga katika kikombe cha mililita 250 ni miligramu 10 kwa mililita, na chai hiyo inaugusa utumbo moja kwa moja, ingawa msuli wenyewe uko nyuma ya ngozi ya ndani ya utumbo. Kwa hiyo anayedai kwamba chai fulani hutuliza tumbo ana hoja ya kusikilizwa. Anayechukua mchoro huo huo wa utumbo wa sungura na kuuzia dawa ya presha na pumu, hana.

Hata hivyo, ipo mimea ambayo nguvu yake haihitaji kilo. Hapa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran aliona huko Kongo kwamba wanawake walio katika uchungu walikunywa maji yaliyochemshwa ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha kujifungua. Alipochunguza alikuta protini ndogo yenye vipande 29 vya asidi amino. Protini nyingi huharibika kwa kuchemshwa na kwa asidi ya tumbo; hii haikuharibika, na baadaye ilieleweka kwamba imejifunga kama pete na kukazwa ndani kwa vifungo vitatu vya salfa. Wakunga wale walikuwa wanajua walichokifanya: mmea ulikaza mji wa mimba kweli. Mafuta ya mbarika nayo si imani tupu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwa panya kwamba asidi yake ya risinoleiki hufungua kitasa cha prostaglandini kwenye misuli ya utumbo na ya mji wa mimba, kitasa kimojawapo kati ya vile ambavyo misoprostoli, dawa ya hospitalini ya kukaza mji wa mimba, huvifungua.

Basi tatizo si kwamba dawa za kuharakisha uchungu hazifanyi kazi. Tatizo ni kwamba baadhi zinafanya, na hakuna mkono wa kuzizuia. Mji wa mimba unapokaza hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Mtoto huishi kwa ile nafasi kati ya mkazo na mkazo. Mikazo ikizidi 5 katika dakika 10, nafasi hiyo inapotea. Hospitalini oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba, hutolewa kwa matone, huongezwa kidogo kidogo huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na mikazo ikizidi matone hufungwa. Nguvu ya dawa hushuka ndani ya dakika chache. Kikombe kilichonywewa hakifungwi. Misoprostoli nayo haifungwi ikishamezwa, ndiyo maana kuanzisha uchungu hutumia mikrogramu 25 tu kwa mdomo kila saa 2, chini ya uangalizi, ilhali kuzuia damu baada ya mtoto kutoka ni mikrogramu 600 kwa mkupuo. Dawa moja, tofauti mara 24, kwa sababu mtoto yumo au ametoka.

Mama aliyekunywa dawa ya kienyeji nyumbani, kisha akafika wodini na kutundikiwa oksitosini bila mkunga kujua, ana nguvu mbili zinazosukuma msuli mmoja. Kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kovu linaweza kuachia na mji wa mimba ukapasuka. Na hata usipopasuka, msuli uliokazwa kwa saa nyingi huchoka, na uliochoka haukazi tena mtoto akishatoka. Mishipa iliyokuwa nyuma ya kondo hubaki wazi. Mililita 500 za damu zikipotea, hiyo tayari ni dharura. Sindano ya oksitosini ya uniti 10 inayodungwa pajani ndani ya dakika moja baada ya kujifungua ni kwa ajili hiyo, nayo huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokaa kwenye kabati la joto inaweza kuwa imepoteza nguvu huku chupa ikionekana vile vile.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Tunawaomba wakunga na wauguzi wenzetu walipokee jibu bila kumkaripia mama, kwa sababu aliyekaripiwa leo, wiki ijayo shogaye hatasema. Swali lisiwe "umekunywa miti?" kwa sauti ya mashtaka. Liwe: "Umepewa nini nyumbani kukusaidia, na umekunywa mara ya mwisho saa ngapi?" Jibu liandikwe kwenye kijitabu cha kliniki kabla ya oksitosini au misoprostoli kuanza.

Kwa wauzaji wa poda za nguvu za kiume tuna neno moja. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta sildenafili ndani ya poda zilizouzwa kama mitishamba mitupu. Sildenafili huzuia kuvunjwa kwa kemikali inayolegeza mishipa. Nitrati, ambazo wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi kifua kikibana, huongeza kutengenezwa kwa kemikali hiyo hiyo. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Mgonjwa wa moyo anayemeza poda asiyoijua hana njia ya kulikwepa hilo. Akifikishwa hospitalini na maumivu ya kifua, amwambie daktari kuhusu poda hiyo kabla ya kupewa nitrati, hata kama ameketi na mkewe.

Tunachoomba kwa wanaofungasha dawa hizi ni kibandiko kinachotaja jina la mmea, sehemu iliyotumika, iwe gome, mzizi, jani au mbegu, gramu zilizomo kwa dozi, na onyo linalosomeka kwa wajawazito, wenye pumu, presha, glakoma na tezi dume. Kinachosema "imethibitishwa maabarani" kiseme pia ni msuli upi na wa mnyama gani. Na anayepata madhara asiimwage dawa iliyobaki. Aifunge, aende nayo hospitalini, na taarifa ipelekwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa wananchi wa kawaida. Chupa yenye vijiko viwili vilivyobaki inatosha kufanyiwa uchunguzi.

Wafamasia na wataalamu wa maabara ya famakolojia,
Nairobi